Mfuko wa Uzi wa Kijani

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii tumezoea kuwatupia wavivu, wale wanaotaka mavuno bila kushika jembe. Lakini wapo pia watu ambao kazi haiwaogopeshi hata kidogo. Watapanda milima na kulala vituoni, ilimradi wasiambiwe kuinamisha kichwa mbele ya mtu waliyezoea kumtazama kutoka juu. Mwalimu Dadhiram alikuwa mmoja wao, na jeuri hiyo ilimpotezea mwanawe mara ya pili.

Nyumba yake ilikuwa juu kabisa ya kijiji, katika milima ya Nepali, penye hewa safi na mashamba ya ulezi yaliyokatwa kama ngazi. Alikuwa Mbrahmini, mtu wa tabaka la juu la Wahindu, mwalimu mstaafu na msoma sala wa harusi na matanga. Chini kabisa, karibu na kijito, waliishi mafundi cherehani, watu wa tabaka lisiloguswa. Nguo walizoshona zilivaliwa na watu wa juu baada ya kunyunyiziwa maji yaliyochovywa dhahabu ili zitakasike. Maji ya mikono yao hayakunyweka, na mlango wao mtu wa juu hakuuingia. Dadhiram hakuona ubaya wowote hapo, maana ndivyo alivyoikuta dunia.

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwanawe wa pekee, Netra, alichukuliwa na watu wenye bunduki akiwa njiani kwenda kusaga nafaka. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alivaa shati jeupe la sikukuu ya Dashain, kazi ya fundi Harke wa kule chini. Uzi mweupe ulimwishia Harke, akamalizia mfuko kwa uzi wa kijani, na mama yake Netra, Subhadra, alinung'unika wiki nzima.

"Acha, Mama," Netra alimwambia akicheka. "Mjini wanaitafuta mitindo kama hii hawaipati."

Hakurudi. Hakuna aliyesema yu hai, wala aliyesema amekufa. Subhadra, kama wake wa kwao, hakumtaja mumewe kwa jina. Alimwita Baba Netra. Hivyo jina la kijana yule liliendelea kuitwa ndani ya nyumba mara ishirini kwa siku, na aliyeitika alikuwa mwingine.

Miaka kumi na moja na miezi minane ikapita. Desturi yao ni kwamba mtu akipotea miaka kumi na miwili bila habari, jamaa zake husuka sanamu ya nyasi takatifu, wakaichoma kando ya mto ili roho yake ipumzike. Homnath, mdogo wake Dadhiram, alikuwa ameanza kuhesabu miezi.

"Kaka, tumchome tupumzike. Imebaki miezi minne tu."

"Thubutu!" Subhadra alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Umchome mwanangu mzima? Nileteeni habari yake kwanza, ndipo mlete kiberiti."

Basi Dadhiram akachukua mkoba wenye karatasi zake, akapanda basi kwenda mji mkuu. Ilikuwa safari ya kumi na tisa. Katika ofisi ya waliopotea alimkuta karani mgeni, binti mwenye miwani, ambaye alilipekua faili lote kabla ya kusema neno.

"Mzee wangu, fomu hii umeijaza mara nne. Picha ipo, tarehe ipo. Je, umewauliza waliochimba?"

"Waliochimba nini?"

Yule binti alishusha sauti. "Wenye bunduki hawakuzika wenyewe. Walikamata wanavijiji wakawapa majembe. Tena waliwachagua wale ambao ninyi wengine hamwagusi. Kwenu hawapo watu kama hao?"

Dadhiram alifunga mkoba wake, akatoka. Ndani ya basi la kurudi, jambo alilokuwa amelisahau lilimrudia lote.

Ilikuwa siku ya nne baada ya Netra kuchukuliwa. Dadhiram alikuwa ametoka kuoga, ameketi uani akisali mwanawe arudishwe. Batuli, mke wa fundi Harke, akaingia hadi karibu na mahali pa sala, ameshika pindo la shali yake lililofungwa fundo.

"Mwalimu, nina neno."

"Rudi nyuma! Utaninajisia sala! Kama una shida, isemee huko njiani."

"Neno lenyewe si la kupigiwa kelele njiani, Mwalimu."

Alidhani amekuja kuomba nafaka. Aliinua chombo cha shaba akarusha maji pale alipokanyaga, apatakase, na maji mengine yakampata mwanamke yule usoni. Batuli alijifuta kwa shali, akateremka bila neno. Dadhiram akaianza sala upya, tangu mwanzo, isije ikawa na dosari.

Mtu mwingine angeshuka kwenye basi na kwenda moja kwa moja kwa Batuli. Dadhiram alipanda hadi kwake, akaoga, akamtuma mkewe.

"Mwambie Batuli aje uani. Nina maneno naye."

Subhadra alirudi peke yake. "Amekataa."

"Batuli? Amekataa?"

"Amesema hivi: 'Mwambie Mwalimu mimi nilipanda mara moja, nikaogeshwa bila kuomba. Sasa ni zamu yake, naye bahati yake, kwake yeye ni mteremko.'" Alimkazia macho mumewe. "Baba Netra, Batuli alipanda lini?"

Dadhiram alijifungia chumbani. Siku mbili hakula. Siku ya tatu alichukua fimbo yake akateremka, na watoto wa mafundi wakaacha kucheza wamwangalie. Mlango wa Batuli ulikuwa mfupi. Ungemfika mtu mzima kifuani.

"Karibu ndani, Mwalimu. Angalia kichwa."

"Sema tu, dada. Hapa nasikia."

"Hata mimi niliambiwa nisemee njiani."

Dadhiram aliegemeza fimbo ukutani. Kisha akakunja mgongo, akaingia. Ndani, cherehani ya Harke ilikuwa imefunikwa kitambaa, kwani fundi mwenyewe alikuwa amekufa miaka mitatu nyuma. Batuli alimtandikia mkeka, akamimina maji kwenye kikombe cha shaba, akakiweka mbele yake.

"Kunywa. Habari hii haipiti kwenye koo kavu."

Maji mengine yalimwagika ndevuni, lakini alikunywa yote. Batuli akatoa kopo la biskuti lenye kutu, na ndani yake kipande cha nguo. Kilikuwa mfuko wa shati jeupe, ulioshonwa kwa uzi wa kijani.

"Walimchukua Harke na wenzake wawili, wakawapa majembe," alisema. "Maiti zilikuwa tano, nyuso zimefungwa. Harke hakumjua mtu kwa uso, Mwalimu. Aliujua mshono wake. Akakata mfuko kwa mkasi wake wa kazi wenye bunduki walipokuwa wakivuta sigara. Yeye alikuwa anafuatiliwa nao, ndiyo maana nikaja mimi."

"Yuko wapi?" Dadhiram aliuchukua ule mfuko. "Wamemlaza wapi?"

"Pale kwenye ukingo wa kijito, njia ya kwenda kwenye basi inapokata kona."

"Lakini njia ile mimi naipita!"

"Uliipita, kwenda na kurudi. Nilikuwa nakuona na mkoba wako, unakanyaga juu yake. Najiambia, leo nitamwita. Halafu nayakumbuka yale maji usoni, hasira inanipanda, nanyamaza. Dhambi hiyo ni yangu, nitaijibu mwenyewe."

"Nipeleke. Nipeleke sasa hivi!"

Batuli hakuinuka. "Tukaone nini, Mwalimu? Mwaka juzi mvua ilibomoa ukingo wote, udongo na miti vikaenda na maji. Alikusubiri pale zaidi ya miaka tisa."

Dadhiram aliyakumbuka maporomoko yale. Alikuwa ameyalaani kwa sababu yalimcheleweshea basi. Alilia pale mkekani, mbele ya mke wa fundi, kwa sauti iliyosikika hadi nje.

Alipofika juu, Subhadra alikuwa amesimama uani. Dadhiram alimpa mfuko. Subhadra aliupitisha kidole kwenye uzi wa kijani, ukingo hadi ukingo, kisha akaketi chini palepale. Alikaa hivyo mpaka jua likageuka. Naye Dadhiram akamweleza yote, hata yale maji aliyomrushia mwanamke yule.

"Umeingia ndani kwake?" mkewe aliuliza mwisho.

"Nimeingia."

"Maji umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Ungeyanywa mwaka ule," alisema, akainuka akaingia jikoni.

Sanamu ya nyasi ilichomwa mwezi uleule, bila kungoja ile minne iishe. Mfuko ulishonwa kifuani mwake na Batuli mwenyewe, kwa sindano ya Harke. Homnath alipoguna kuwa mikono ile itanajisi ibada, Subhadra alimwambia mikono ya nyumba ile ndiyo pekee iliyomsitiri mwanawe. Dadhiram ndiye aliyewasha moto. Nyasi hushika haraka. Haikuchukua muda kwisha.

Tangu siku ile Subhadra hakumwita tena mumewe Baba Netra. Alimwita Mwalimu, kama watu wengine. Naye hakulalamika, kwa kuwa alijua alichokosa na siku aliyokikosea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na ainame mapema, kingali mvunguni.