Gorila Aliyesahau Alipolala

Hapo zamani za kale, na asiniulize mtu ni lini hasa, maana mimi nilikuwa sijazaliwa na kalenda nayo ilikuwa haijazaliwa, mlimani aliishi gorila mmoja aliyeitwa Kidari. Mkono wake mmoja tu ulikuwa mzito kuliko wewe hapo na dada yako mkipandishwa kwenye mizani pamoja. Mgomba mzima aliupasua kama wewe unavyomenya ndizi. Akikasirika anajipiga kifua, pu-pu-pu-pu, mpaka ndege wanasahau walikuwa wanaimba nini.

Nguvu alikuwa nazo. Akili? Subirini.

Kidari alikuwa na tabia moja ya kuudhi. Kila jioni lazima atandike kitanda kipya. Anaingia kichakani, anavunja matawi, kracha-kracha, anayalaza, anajitupa katikati. Asubuhi, kabla hajainuka, anajisaidia humohumo kitandani. Ndiyo, mavi. Msicheke, ndivyo magorila walivyo. Kisha anaondoka zake, kichaka anakiacha chali, wala hageuki nyuma.

Sasa palikuwa na Pimbi. Kama humjui pimbi, chukua sungura, mkate masikio, mnyime mkia, ndiye huyo. Mkewe alikuwa amejifungua juzijuzi, na watoto walilala kwenye shimo chini ya kichaka. Juu angani Tai alizunguka mchana kutwa akitafuta cha kula. Kichaka kile ndicho kilikuwa paa lao. Kikivunjwa, Tai anaokota watoto kama karanga.

Na vichaka vya mteremko ule Kidari alikuwa amevimaliza. Vilibaki cha Pimbi na viwili vya jirani.

Asubuhi Pimbi akamfuata Kidari, akamkuta anatafuna mabua.

"Shikamoo, Mzee Kidari."

"Sema upesi, nakula."

"Mzee, kichaka changu kina watoto wachanga. Nilikuwa naomba, kitanda chako cha jana bado kizima. Kwa nini usikirudie leo?"

Kidari akaacha kutafuna. "Mimi? Nirudie kitanda?"

"Kina joto hata sasa."

"Kina mavi."

"Mavi ya nani, Mzee?"

Lo. Kidari akasimama. Pu-pu-pu-pu! Akang'oa majani akayarusha juu, akaja mbio, ardhi inatikisika, akasimama pua kwa pua na Pimbi. Pimbi alikuwa amefumba macho. Akafumbua moja. Bado yuko hai.

"Unatetemeka," Kidari akasema, amefurahi.

"Ni upepo, Mzee."

Mke wa Kidari, Bi Mashavu, alikuwa ameketi kando na mtoto mgongoni. Akashusha pumzi ndefu, ile ya mtu aliyechoka zamani. "Baba watoto, ukimaliza kumtisha huyo anayeenea kwenye kiganja chako, twende mlima wa pili. Mianzi imechipua kule. Huku watoto wanatafuna mabua mpaka meno yanauma."

"Mbali."

"Mbali wapi? Ni bonde moja."

"Nimesema mbali. Leo tunalala kwa huyu mfupi."

Pimbi akarudi nyumbani amenuna.

"Amekubali?" mkewe akauliza.

"Amenirushia majani."

"Sasa tunafanyaje?"

"Tunahamisha mavi."

Mkewe akamtazama sana. "Hebu rudia."

"Umewahi kumsikia akitaja alikolala juzi? Hakumbuki. Kitanda chake cha zamani anakijua kwa mavi tu. Akiyakuta hapa, hatalala."

"Ukoo mzima tuna choo kimoja tangu enzi za bibi yako, hakuna anayekosea njia. Leo unaniletea mavi ya wageni mlangoni?"

"Mlangoni ndipo yanapotakiwa."

Basi wakafanya kazi. Kwanza wakaburuta matawi makavu kutoka vitanda vya zamani, wakayalaza mbele ya kichaka. Kisha madonge. Kila donge lilikuwa kubwa kuliko kichwa cha Pimbi, naye akalisukuma kwa miguu ya mbele, biringi-biringi, uso ameugeuzia pembeni. Wakamaliza cha kwao, wakaenda kwenye vichaka vya jirani. Mkewe hakunyamaza hata kidogo. Lilipomponyoka donge likabiringika mpaka chini ya mteremko, aliyasema maneno ambayo siyarudii hapa, mama zenu watanifukuza.

Jioni Kidari akafika na jamii yake. Akainua mkono avunje tawi la kwanza. Pua ikacheza.

"Mh. Hapa pameshalaliwa."

"Karibu tena, Mzee," akasema Pimbi kutoka tawini. "Umerudi palepale pa siku ile?"

"Nililala hapa? Sikumbuki."

"Ulikuwa umelala, ungekumbukaje?"

Kidari akafikiri. Kazi ngumu hiyo. "Mbona kichaka kimesimama?"

"Kimeota upya. Mavi yako ni mbolea ya ajabu, Mzee."

Kidari akatikisa kichwa, ameridhika, akaenda kichaka cha pili. Mavi. Cha tatu. Mavi. "Aaa!" akanguruma. "Nimechoka, nataka kulala!"

Bi Mashavu akainama. Juu ya donge moja kulikuwa na alama za vidole, vidogo kama mbegu za papai. Akaziangalia. Akamwangalia Pimbi. Neno moja tu la yule mama, na watoto wake hawana paa.

Bi Mashavu akalikanyaga lile donge, akauzungusha mguu taratibu mpaka alama zikafutika.

"Ni kweli, baba watoto," akasema. "Tulilala hapa. Mimi nilikuwa upande ule pale, sikufumba jicho kwa kukoroma kwako."

"Basi nimelala mlima mzima?"

"Umeumaliza, Mzee," Pimbi akadakia. "Hajatokea mwingine. Ila kule mlima wa pili, nasikia wanaulizana, huyo Kidari ndiye nani?"

Pu-pu-pu-pu! "Wananiulizia mimi? Mashavu, beba watoto."

"Mbali," akasema Bi Mashavu.

"Mbali wapi? Ni bonde moja!"

Akatangulia, kifua mbele. Bi Mashavu akapita chini ya tawi la Pimbi bila kuinua uso, mashavu yamebana kicheko, tayari anaiwaza mianzi.

Tai akazunguka mara ya mwisho, akaona majani matupu, akaenda zake na njaa yake.

Mke wa Pimbi akatoka shimoni, akashika kiuno mbele ya lile rundo. "Haya, bingwa. Nani anayaondoa haya?"

"Yaache kwanza," Pimbi akasema. "Akirudi je?"

Hapo ndipo ilipoishia, harufu ikabaki, na maana yake ni hii: ukiwa na nguvu, kumbuka angalau ulipolala jana, la sivyo wadogo watakukumbusha wanavyotaka wao.