Kigoda cha Sista Subilaga

Asiye na kufuli huketi mlangoni.

Mmeisikia kwa mafundi wa kompyuta, mkacheka, mkauliza kufuli na kompyuta wapi na wapi. Tulieni basi, chanzo chake ni hiki.

Katika kituo kimoja cha afya huko Rungwe, radi iliunguza kompyuta ya majibu ya vipimo. Wakachomeka nyingine kuukuu iliyokuwa stoo, wakahamishia kumbukumbu zote, maana diski ilikuwa imenusurika. Programu ikagoma kufunguka. Atuganile, aliyeitunga, alijua sababu, na aibu ikampanda. Programu yake huyasimba majibu, yaani huyageuza fumbo, kama kuyatia kufuli, asiyehusika asiyasome yakiwa njiani kwenda hospitali ya wilaya. Kompyuta ile kuukuu haikuweza kusimba. Na ni yeye mwenyewe aliyeiamuru programu: ukikosa uwezo huo, zimika.

Nje, mjamzito mmoja, Tusekile, alikuwa ameshikwa na uchungu wa kujifungua, gari la wagonjwa likinguruma. Bila majibu yake ya damu, daktari wa wilaya asingejua dawa ya kumkinga mtoto. Majibu yenyewe yalikuwa yamefungiwa ndani ya programu.

"Toa hilo sharti lako la kufuli, yaende wazi," mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, akasema.

"Wazi, kwa mtandao tunaoazima dukani?" Sista Subilaga, muuguzi wa zamu, akadakia. "Gari halijafika wilayani, soko zima linajua damu ya mtu!"

"Sasa nifanyeje, mama?" Atuganile akauliza, jasho likimtiririka. "Kufuli sina."

"Mimi kitasa kiliponiharibikia, nilibomoa nyumba? Nililala wazi? Nilivuta kigoda nikaketi mlangoni, kila aingiaye namwona. Wewe na shule yako yote, kigoda huna?"

Atuganile akaigeukia kompyuta. Kisha akaifuta ile amri ya kuzimika, akaandika nyingine: programu ifunguke, kazi zote ziendelee, kutuma tu ndiko kusimame. Na iseme bila kuficha: "Hapa hakuna kufuli. Majibu hayatumwi. Yachapishe, umkabidhi mwenyewe."

Ikafunguka! Karatasi ikatoka. Sista akaitia katika bahasha, akaigundisha, akamshikisha Tusekile.

"Ni yako. Mpe daktari, si dereva."

Alasiri simu ikalia: mtoto wa kike, na dawa kaipata kwa wakati. Atuganile alikaa sakafuni pale pale, akashusha pumzi ndefu, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Kwa hiyo mkikuta programu inayokiri upungufu wake na bado inafanya kazi, msiicheke. Haijavunja nyumba, wala haijaiacha wazi. Asiye na kufuli huketi mlangoni.