Jembe Lililosubiri Matanga

Kale hiyo, wajukuu zangu, kale ambayo hata bibi yangu aliikuta imeshapita, wanyama walikuwa na nyumba zao na vyungu vyao, na misiba yao pia. Sogeeni, hii siisemi kwa sauti kubwa.

Nyuma ya vilima, mahali pakavu pasipo jirani, aliishi Bi Sange. Sange ni mdogo kama panya, pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba kama njiti. Na kazi yake kubwa duniani ni kufagia. Njia yake lazima iwe safi, hata jani moja asilione. Mumewe alikuwa hivyo hivyo. Asubuhi huyu anaanzia huku, yule anaanzia kule, wanakutana katikati, wanasalimiana kama wageni, wanacheka.

Mumewe akafa.

Bi Sange akampa habari kila ndege aliyepita, lakini waliosikia wakasema, ah, sange, kile kitu kidogo. Hakuja mtu. Akamzika mwenyewe, akamwekea jiwe jeupe kichwani, akalia mwenyewe mpaka akachoka. Ukilia peke yako, watoto wangu, hakuna wa kukuambia basi, inatosha. Na matanga gani yanaanuliwa na mtu mmoja? Akabaki anafagia njia nzima, toka huku mpaka kule, na pale katikati hakutani na mtu.

Sasa, siku hizo kulikuwa na habari za Chui Kigutu. Alikuwa jambazi, mkia wake ulikatikia mtegoni. Alipora wasafiri shanga zao, vitambaa vyao, bangili zao za shaba. Alipofia hapakujulikana, ila kwenye kila baraza walisema amezikwa juu ya mali yake, nyuma ya vilima, chini ya jiwe jeupe.

Ndipo wakaja watatu, Ndovu, Nyati na Ngiri, kila mmoja na jembe begani. Puu, puu, puu, vumbi juu. Wakaliona jiwe. Nyati hata salamu hakutoa, akainua jembe.

Bi Sange akawaza. Angesema hapo kalala mume wangu, wangemwita mwongo, anataka mali ale peke yake. Na mwili wake wote haujai ukwato mmoja wa Nyati. Akafuta pua, akasema taratibu, "Karibuni. Huyu aliyelala hapa ni nani wenu?"

Wakatazamana. Kila mmoja aliogopa kwamba asiye na undugu hatapata urithi. Ndovu akakohoa, akasema marehemu ni mpwa wake. Nyati akasema ni shemeji yake. Ngiri akatafuta undugu, akakuta wenzake wameumaliza.

"Mimi mtani wake," akasema.

"Afadhali mmefika," akasema Bi Sange. "Matanga yake hayajaanuliwa. Hajaliliwa na ndugu hata mmoja."

Nyati akashusha jembe polepole. Desturi waliijua wote, hata Nyati na ukorofi wake: penye matanga jembe haligusi ardhi, na atakayeligusisha anachimba kaburi la mtu wa nyumbani kwake. Ndovu akauliza, sasa tufanyeje? Bi Sange akamjibu kwamba ndugu wa marehemu hawaulizi, wanatandika mikeka.

Basi wakakaa matanga, wakingoja yaanuliwe wapate kuchimba. Nyati akateka maji, Ndovu akapasua kuni. Kilio kilianza cha kujilazimisha, ii, ii, macho yao yakiwa kwenye jiwe. Lakini kilio kina mambo yake. Ndovu akamkumbuka mama yake, akalia kweli, akawaliza na wenzake. Na Bi Sange katikati yao, kwa mara ya kwanza analia na mtu ubavuni.

Ikabaki zamu ya mtani. Mnamjua mtani msibani: amwigize marehemu, amcheke, watu wacheke, machozi yakauke. Ngiri akamnong'oneza Bi Sange, huyu mtu sikuwahi kumwona, alikuwaje? Naye akamweleza. Alijisahau, maskini, akaeleza yote.

Ngiri akainuka. Akatembea kwa ncha za miguu, akipiga chafya ndogo, chwe, kabla ya kila neno. Akafagia njia kwa mguu, upande huu, upande ule. Akaona jani, akalikemea: "Chwe! Wewe si nilikutoa jana?" Akafika katikati, akainama: "Chwe! Habari za utokako, bibie? Umetokea wapi na uzuri wote huo?"

Bi Sange akacheka. Akacheka mpaka akashika mbavu, kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kicheko.

Ndovu hakucheka. "Chui gani huyu," akasema, "anayefagia njia?"



"Si chui," akasema Bi Sange. "Ni mume wangu. Huyo Chui wenu mimi simjui, huku hajapata kufika."

Nyati akalirukia jembe, akafoka kwamba wamelizwa bure, na sasa atachimba ajionee mwenyewe.

"Chimba basi," Ngiri akamwambia. "Si shemeji yako? Si wewe uliyemlilia mpaka makamasi?"

Nyati akaliinua jembe. Akalitazama lile jiwe. Akalitazama tena. Mikono ikakataa kushuka. Utamfukuaje mtu uliyekwisha kumlilia? Akalirudisha jembe begani, akaondoka ananung'unika, na Ngiri nyuma yake.

Ndovu alikawia. Akaukunja mkeka vizuri, kama mjomba wa kweli, akasema matanga yameanuliwa. Kisha akamwinamia yule mdogo, akainama mpaka chini.

"Pole, mkwe wangu," akasema. "Tulichelewa."

Akaenda.

Asubuhi Bi Sange akatoka kufagia. Njia ilikuwa imechafuka, nyayo za kila namna, kubwa na ndogo. Majani akayatoa, moja moja. Nyayo akaziacha.

Na hadithi yangu inakomea kwenye nyayo hizo: mkisikia mtu kafiwa, awe mdogo namna gani na kwake kuwe mbali namna gani, nendeni mkalie naye, asije akawatafuta wa kulia naye kwa hila.