Kindi na Masale ya Mzee Tembo

Hapo kale, wanangu, hata bibi yangu alikuwa hajazaliwa, Kindi aliishiwa mbegu. Zimebaki wiki mbili mvua zianze, shamba lake tupu, na nyumbani ana watoto wanne. Ikabidi aende kuomba kibarua kwa Mzee Tembo.

Langoni akamkuta Nyumbu, jembe begani, macho yamemwingia ndani.

"Mwenzangu, rudi," Nyumbu akamwonya. "Mimi niliahidiwa mbegu kazi ikiisha. Huu msimu wa tatu. Kila nikimaliza ananiambia, 'Bado pale.'"

Kindi akacheka kimoyomoyo. Kumbe ugonjwa wenyewe ndio huo! Akaingia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Utalima mpaka kazi iishe, nikupe kikapu cha mbegu."

"Sina neno, Mzee. Ila majirani wanasema shamba lako dogo. Eti la Kifaru limelipita."

Tembo akasimamisha masikio. "Nani kasema?"

"Wanasema tu. Ningekuwa wewe, ningepanda masale pembe zote nne, leo hii, waone lilivyo kubwa."

Masale mnayajua, wanangu, ile mimea ya majani marefu. Yakishapandwa ndiyo mpaka, na anayeyang'oa hasalimiwi tena na mtu. Lakini sifa zikimpanda mtu kichwani, nani atamshusha? Tembo akaita majirani, akatembea puu, puu, akapanda masale pembe nne kwa mkonga wake mwenyewe, huku wakimpigia makofi.

"Basi mkataba wetu ndio huo," Kindi akapaza sauti, majirani wasikie. "Mimi na Nyumbu tunalima ndani ya masale. Tukifika pembe ya nne, kazi imekwisha."

"Imekwisha," Tembo akaitikia, bado amevimba kwa sifa.

Wakalima, kwachu kwachu, siku tisa. Ya kumi wakafika pembe ya nne, majirani wakitazama. Tembo akaja, akanyoosha mkonga ng'ambo ya mpaka.

"Bado pale."

"Pale ni kwa nani, Mzee?" Kindi akauliza kwa adabu. "Kama ni kwako, yang'oe masale. Majirani hao wanakutazama."

Tembo akawatazama majirani. Akaenda ghalani, akarudi na vikapu viwili. Nyumbu alilia kwa furaha, hakuona haya. Mvua ya kwanza iliwakuta wameshapanda.

Tangu hapo, anayekwenda kulima kwa Tembo hashiki jembe kabla hajauliza masale yako wapi. Kazi ya muda, wanangu, mwisho wake hujulikana siku ya kuianza.