Ufagio Ndani ya Matandazo

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika milima ya Yemeni aliishi mwanamke mcha Mungu aitwaye Lubaba, pamoja na mumewe Mihsan, mzee aliyelazwa kitandani na maradhi, ambaye tumbo lake lilikuwa halipokei tena chakula ila uji wa njegere mbichi. Mwaka huo mvua ilikatika mapema. Njegere za Lubaba nyuma ya nyumba ndiyo kwanza zilikuwa zinatoa maua, na udongo ulishaanza kupasuka.

Lubaba alijua la kufanya. Alikwenda kwenye uwanja wa kupuria shayiri, akabeba mabua makavu mzigo baada ya mzigo, akayatandaza kwenye mashina ya njegere ili jua lisinyonye unyevu uliobaki. Desturi ya kijiji ilikuwa wazi: mwenye shayiri akishachukua chakula cha wanyama wake, huondoa ufagio aliouweka juu ya lundo kuwa alama yake, na kinachobaki ni halali kwa yeyote. Asubuhi ile Lubaba hakuona ufagio, akamshukuru Mola wake.

Matandazo yakafanya kazi. Ukiyafunua, udongo wa chini ulikuwa mweusi, wa baridi. Njegere zikafunga maganda, Mihsan akanywa uji wa machumo ya kwanza, akaweza kuketi. Wallahi, furaha ya mama yule haielezeki.

Siku moja, akisogeza mabua apate kupalilia, mkono wake uligusa kitu kigumu. Akakivuta. Ulikuwa ufagio wa jirani yake Shaddad. Upepo uliuangusha, mabua yakaufunika, naye akaubeba ndani ya mzigo bila kujua. Kumbe mabua hayakuwa yameachwa. Na kijiji kizima kilikuwa kimemsikia Shaddad akimlaani mwizi wa mabua, maana ng'ombe wake alibaki mifupa mitupu.

Hakuna aliyemwona. Iblisi naye hana usingizi; akamnong'oneza aufukie ufagio, avumilie kidogo tu, mumewe apone. Lubaba akakaa chini katikati ya njegere zake, akalia. Kisha akainuka, akautia ufagio kwapani, akaenda.

"Ndugu yangu Shaddad, mwizi unayemlaani ni mimi. Sikujua, lakini sasa najua. Nihalalishie yaliyopita, na uniachie mabua mpaka maganda yajae. Mihsan hana chakula kingine."

Shaddad hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye watoto. "Yaliyopita nimekuhalalishia, dada yangu. Lakini wanangu nao hawana maziwa mengine. Nirudishie leo."

Lubaba akarudisha siku ile ile. Aliyaokota mabua kwa mikono, akayakung'uta udongo, shina kwa shina, asibakize hata moja. Jua likaingia. Haikufika Ijumaa majani yalikuwa ya manjano na maganda yamesinyaa.

Mihsan akauliza mbona uji umekuwa maji matupu. Lubaba angeweza kumficha, kwa maana wagonjwa hufichwa mengi kwa huruma. Akamweleza yote. Mzee akauliza:

"Na ule niliokwisha kunywa, Shaddad ameuhalalisha?"

"Ameuhalalisha, bwana wangu."

"Alhamdulillahi. Basi nimeshiba."

Hakushiba. Alifariki na njaa yake, na Lubaba aliijua njaa hiyo alipokuwa akimfunga kidevu.

Shaddad alikuja mazikoni akilia, akataka radhi. Lubaba akamwambia, "Ulidai kilicho chako, ndugu yangu. Huna kosa kwangu. Rudi kwa wanao."

Wapo wanaoongeza kwamba usiku ule mvua ilinyesha na njegere zikachipua upya. Huo ni utamu wa wasimulizi. Sisi hatukukipokea kisa hivyo. Mvua haikunyesha. Kurudisha haki ya mtu huku unaona malipo yako yanakuja, hata mchuuzi wa sokoni huweza. Lubaba alirudisha akijua fika kitakachomfika mumewe, na akajilaza peke yake katika nyumba ile mpaka siku yake ilipotimia. Mwenyezi Mungu amrehemu, na asitutie katika mtihani kama wake, maana wengi wetu tungeshindwa.