Kichuguu Kilichonyamaza

Mtu mmoja alikuwa na mke mjamzito. Jina lake Kiondo, na mkewe aliitwa Nakijwa. Mimba hiyo waliingoja tangu ujana wao, hata majirani wakachoka kuwauliza. Ilipoingia, Nakijwa alitamani udongo wa kichuguu, kama walivyoutamani mama yake na bibi yake. Kiondo akachukua jembe na kikapu, akaenda msituni kwa furaha.

Kichuguu alikijua. Zamani kila aliyekichimba alirudi na vidole vinavyotoka damu, maana mchwa askari hawana simile. Safari hii jembe lilizama na hakutoka hata mmoja. Kiondo akacheka peke yake, akaona Mungu amemhurumia. Majani makavu yalimfika magotini, ya mwaka huu juu ya yale ya mwaka jana, wala hakuna lililooza. Hayo nayo akayaita neema. Ng'ambo ya kijito palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu, na vumbi lake la kijivu lilitua juu ya majani kila siku. Hilo alikwisha kulizoea.

Msimcheke. Alimpenda mkewe, na mwenye furaha hachunguzi.

Akawa anajaza kikapu kila kilipokwisha, na Nakijwa alikula akishukuru. Siku moja mama yake Kiondo akaja kumjulia hali mkwewe. Akapewa bonge la udongo, akalivunja. Vijia vya ndani vilikuwa vitupu, ila mchwa wachache waliokauka. Mama akalirudisha bonge kikapuni.

"Kiondo mwanangu," alisema, "wenye nyumba wamekufa, nawe unamlisha mkeo kuta zao?"

Kiondo akamtazama mkewe, midomo yake bado ina vumbi. Nakijwa akashika tumbo kwa mikono miwili. Nami huwaonea uchungu kila ninapowakumbuka, kwa kuwa hakuna kati yao aliyejua ni kiasi gani cha sumu ya vumbi lile kilikwisha kumfikia mtoto.

Ndugu zangu, wadogo wa msituni, mchwa na wale wanaoozesha majani, walitangulia kuionja sumu, wakafa bila kupiga kelele. Ninyi mnaoshukuru kwamba siku hizi mnachimba na hamuumwi, mmewahi kuuliza aliyekuwa akiwauma amepatwa na nini?