Tangi Lisilopumua

Tangi lisilopumua halitoi mafuta. Bibi Theodora alimwambia hivyo mkwewe, ambaye alikuwa amemsimamia binti yake Editha akipika ugali jikoni, koroga, punguza moto, usikoroge hivyo, mpaka msichana akaweka mwiko chini na kugoma. Wajukuu waliokuwa wakichambua maharage wakacheka. Wakauliza, tangi limeingiaje kwenye ugali?

"Methali hii ilianza siku ya harusi yangu," bibi akasema. "Sikilizeni."

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Huku kwetu Uluguru padri alikuwa mmoja kwa vigango vingi, na ndani ya Kwaresima hafungishi ndoa. Saa sita mchana angepanda pikipiki yake kwenda kigango kingine. Alishatangaza hivyo kanisani ili mtu asije akamlilia. Tukichelewa, mimi na babu yenu Prosper tungengoja mpaka Pasaka ipite.

Mjomba wangu Kobelo alikuwa fundi wa magari kwenye shamba la mkonge huko bondeni. Meneja alipoondoka alimwachia gari lake la mbio, jekundu, la zamani, lisilo na paa, lenye viti viwili tu. Mjomba alilifuta vumbi kila asubuhi kama mtu anavyomfuta mtoto makamasi. Akasema mpwa wake haendi kanisani kwa miguu.

Lakini bibi harusi hatoki kwao bila shangazi yake. Shangazi Perpetua, dada wa baba, akaingia kwanza, akajaza kiti, kisha akanipakata na gauni langu lote. Gauni lile jeupe lilikuwa la masista. Waliliazimisha kwa kila bibi harusi, na likirudi walilinusa.

Sasa, mfuniko wa tangi la petroli ulikuwa nyuma ya kiti chetu, na ulikuwa unanuka. Asubuhi ile, mjomba akiwa bado anatafuta tai yake, shangazi alichukua sabuni ya mche akaupaka mfuniko wote, pamoja na kile kitundu kidogo kilichokuwa katikati yake. Akaufunga kwa nailoni na mpira wa baiskeli. Juu akapachika maua, pakapendeza. Mjomba alipotoka aliona maua tu.

Tukaondoka kwa vigelegele. Tulipoanza kupanda mlima gari likakohoa, likazima.

"Ni plagi," mjomba akasema. Akazifungua, akazipuliza, akazirudisha. Gari likawaka.

"Mnaona?" akasema.

Tukaenda kidogo, likakohoa tena, likazima. Safari hii akafungua kabureta, akapuliza mpaka macho yakamtoka. Gari likawaka.

"Nilijua tangu mwanzo ni kabureta."

"Mbona ulianza na plagi, shemeji?" shangazi akamuuliza.

"Nilikuwa nazisalimia."

Lakini mimi niliona jambo moja. Kila gari likizima, likipumzika kidogo linawaka, fundi afanye nini asifanye nini. Na kila likiwaka, linakwenda mwendo mfupi kuliko mwanzo.

Likazima mara nyingine kwenye kona kali. Juu tuliona bati la kanisa, lakini kwa miguu, na gauni lile, tusingefika kabla ya padri kuondoka. Shangazi akaanza. Shemeji, sukuma. Shemeji, geuza ile. Shemeji, lipige teke. Mjomba akaacha kila kitu, akakaa juu ya jiwe na tai yake ina grisi.

"Tangi limejaa, nimelijaza mwenyewe," akasema. "Mafuta hayafiki tu. Nimechoka, shemeji. Endesha wewe."

Shangazi akaona amezidisha. Alikuwa na chupa ya chai na kopo la maziwa mazito kwenye kapu, akasema basi tumpoze fundi. Akatoboa kopo kwa msumari, akaliinamisha. Likatoa tone, likagoma.

"Toboa na upande wa pili, shangazi," nikamwambia. "Hewa iingie."

"Unanifundisha kutoboa kopo?" Akatoboa. Maziwa yakashuka vizuri.

Nikaliangalia kopo, nikayaangalia maua. "Shangazi, na tangi je? Linapumulia wapi?"

Shangazi akayaangalia maua. Alimtazama mjomba, mjomba akamtazama yeye.

"Shemeji," mjomba akauliza taratibu, "chini ya maua kuna nini?"

"Sabuni," shangazi akasema. "Kidogo."

Mjomba akarusha maua, akakata mpira, akafungua mfuniko. Tukasikia fyuuu, kama mtu anayetua mzigo wa kuni. Akachomoa kibanio kwenye nywele zangu, akazibua kitundu, akafunga, akawasha. Gari likapanda mlima likinguruma, nywele zangu upande mmoja zimesimama, shangazi akipiga vigelegele na chai ikimmwagikia.

Pikipiki ya padri ilikuwa mlangoni, mzigo umeshafungwa. Padri mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi na Prosper amepiga magoti mbele yake. Muda ulipokwisha babu yenu aliomba kuungama, na padri hawezi kumkatalia mtu kuungama. Akaanza na miwa aliyoiba utotoni, akaendelea.

Padri akaliona gari, akashusha pumzi. "Inuka, Prosper. Bibi harusi amefika, na dhambi zako zimeanza kujirudia."

Tukafunga ndoa, kanisa zima likinuka petroli.

Kwenye karamu mjomba alisimama kutoa nasaha. Akasema neno moja tu, hilo la tangi, akakaa. Watu wakacheka sana, shangazi akacheka kuwashinda wote.

Sasa shangazi alikuwa ametanguliza godoro lake kwa Prosper. Alipanga kukaa kwetu mpaka nijue kumpikia mume, kumpangia nyumba, kumpokea mgeni. Jioni ile nikamkuta uani analifunga lile godoro kwa kamba.

"Shangazi, kwani unakwenda wapi?"

"Kwangu," akasema. "Ukikwama utaniita. Nikikaa hapa nitawapaka sabuni." Akajitwika godoro lake, akageuka mara moja tu mlangoni. "Mjomba wako fundi wa uongo, lakini hapo kasema kweli. Tangi lisilopumua halitoi mafuta."